Insulini ya mara moja kwa juma: maswali tunayoulizwa zaidi Bukavu

Maswali haya yanatoka kwa wagonjwa wa sukari na watu wa nyumbani kwao, wa Kadutu, Bagira, Panzi, Nguba na kwingineko. Mengi yalianza pale habari zilipozunguka kwenye WhatsApp kwamba Ulaya wametoa sindano moja inayotosha siku saba. Habari hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ziliacha nje mambo yanayoweza kumlaza mtu hospitali. Kama unatumia insulini sasa hivi, chukua kwanza neno hili: usiache sindano zako za kila siku, wala usizipunguze, eti unaingoja hiyo mpya.

Insulini hii ni ipi hasa?

Inaitwa insulini icodec, na jina lake la dukani ni Awiqli. Mtengenezaji ni Novo Nordisk ya Denmark, kampuni ileile ya Mixtard, Insulatard na Actrapid ambazo wengi wenu mnazijua. Kanada iliiruhusu Machi 2024, Umoja wa Ulaya Mei 2024, na Japani na China katikati ya mwaka huohuo. Marekani iliikatalia Julai 2024 na kumwambia mtengenezaji alete maelezo zaidi, kuhusu utengenezaji wa dawa na kuhusu wagonjwa wa aina ya kwanza, wale ambao kongosho lao halitoi tena insulini.

Ni insulini ya msingi. Kazi yake ni kushikilia sukari usiku na kati ya chakula kimoja na kingine, pale ambapo leo mtu anatumia Lantus au Insulatard. Sahani ya bugali uliyomaliza sasa hivi siyo kazi yake. Anayehitaji insulini ya chakula ataendelea kuichoma wakati wa chakula kama kawaida.

Sindano moja inakaaje mwilini siku saba?

Molekuli ya icodec imebadilishwa sehemu tatu, kisha ikaongezewa mkia wa mafuta. Ikiingia kwenye damu, mkia huo unajishikiza kwenye albumini, protini ambayo tayari ni nyingi katika damu yetu, na hapo insulini inatulia bila kufanya kazi. Inaachiliwa kidogo kidogo, mchana na usiku. Ni kama gunia la makala lililowekwa nyumbani: unatoa ya kupikia leo, mengine yanangoja kesho. Inachukua karibu saa 196, yaani siku nane hivi, nusu ya dawa kutoka mwilini.

Kwa sababu hiyo, nguvu yake haitimii juma la kwanza. Inajijenga kwa majuma mawili hadi manne, kwa hiyo usikate tamaa ukiona bado 220 kwenye mashine ya kupimia sukari siku ya tano. Na kwa sababu hiyohiyo, ikishaingia haitoki. Ukizidisha Lantus leo, kesho jioni mambo yamekaribia kutulia. Ukizidisha hii, utakaa nayo juma zima na zaidi. Karibu kila tahadhari utakayoisoma hapa chini imezaliwa na jambo hilo.

Si ndiyo hiyohiyo Ozempic?

Hapana, na kuchanganya hizi mbili kunaweza kuua. Ozempic, ambayo dawa yake ni semaglutide, na Trulicity, ambayo ni dulaglutide, pia huchomwa mara moja kwa juma. Lakini siyo insulini. Zinasaidia kongosho litoe insulini yake lenyewe mtu anapokula, na zinapunguza hamu ya chakula. Mgonjwa wa aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi tena insulini, akiacha sindano zake akategemea Ozempic, anaweza kuingia kwenye ketoasidosi ndani ya siku chache: kutapika, kupumua kwa nguvu, harufu ya matunda mdomoni, kisha kupoteza fahamu. Soma jina la dawa kwenye sanduku. Neno "kila juma" pekee halikwambii umeshika nini.

Naweza kuinunua hapa Bukavu?

Usitegemee kuikuta kwenye farmasi ya kawaida. Tulizozizoea huku ni insulini za binadamu, yaani Mixtard, Insulatard na Actrapid, na wakati mwingine Lantus kwa mwenye uwezo. Mtu akikwambia anayo ya juma anaiuza, muulize ilisafiri vipi, ilikaa wapi njiani, sanduku lenyewe liko wapi na tarehe ya mwisho ni ipi. Insulini iliyopata joto kali kwenye buti la gari inaweza kuwa angavu kama maji na isifanye kazi yoyote. Wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe kutafuta dawa waende na ordonansi iliyoandikwa jina kamili la insulini yao, maana masanduku yanafanana.

Mimi naona hivi: mtu anayepata Insulatard yake kila mwezi bila kukatika yuko pazuri kuliko mwenye kalamu moja ya kisasa ambayo haina ya pili nyuma yake. Insulini ya kawaida imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977. Insulini za muda mrefu kama glargine, ambayo ndiyo Lantus, ziliongezwa 2021. Hizo za kila siku ndizo za kupigania zisikosekane kwenye farmasi zetu.

Kaka yangu wa Brussels amenitumia kalamu mbili. Nianze?

Usianze peke yako. Peleka kalamu kwa dokta anayekufuatilia, hata kama ni lazima ungoje siku ya miadi, na wakati huo endelea na insulini yako ya kila siku. Swali la kwanza utakaloulizwa ni nini kitatokea kalamu hizo mbili zikiisha. Kama kaka hana hakika ya kutuma nyingine, sioni faida ya kubadilisha matibabu kwa muda mfupi halafu kuyabadilisha tena.

Kuna hatari nyingine iliyofichika kwenye kalamu yenyewe. Lantus na Insulatard zina yuniti 100 ndani ya mililita moja. Icodec ina yuniti 700 ndani ya mililita hiyohiyo. Watu wengi huku wamezoea fiole na sindano ndogo ya plastiki, na najua mkono unavyoweza kushawishika kuvuta dawa kutoka kwenye kalamu kwa sindano ile. Usifanye hivyo kamwe. Sindano iliyochorwa alama 100 ikijazwa kwa icodec inabeba yuniti 700. Mtu aliyezoea kuvuta hadi alama ya 20 atakuwa amechukua yuniti 140, na akifanya hivyo kila jioni, ameingiza mwilini dozi ya juma zima kila siku.

Dozi inahesabiwaje?

Dokta ndiye anayehesabu. Naeleza ili nawe uweze kumfuata na kuuliza pale namba inapokushtua.

Mtu wa aina ya pili, yaani ambaye kongosho lake bado linatoa insulini lakini haitoshi, na ambaye hajawahi kuchoma insulini, kwa kawaida huanza na yuniti 70 kwa juma. Aliyekuwa na insulini ya msingi ya kila siku, dozi yake ya siku inazidishwa kwa saba. Tuchukue mama anayechoma Lantus yuniti 20 kila jioni: 20 mara 7 ni 140. Mara ya kwanza tu, mgonjwa wa aina ya pili anaweza kuongezewa nusu ya hiyo, yaani 70, ili dawa isichelewe kujijenga, basi sindano ya kwanza inakuwa 210. Inachomwa siku inayofuata Lantus ya mwisho. Juma la pili anarudi kwenye 140. Kosa linalotisha hapa ni kurudia ile 210 juma la pili na la tatu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwanza kwenye fishi. Mwombe dokta aandike dozi ya juma la kwanza na dozi ya majuma yanayofuata kwenye mistari miwili tofauti, kila moja na tarehe yake.

Namba kama 140 inaogopesha aliyezoea 20. Lakini maji yenyewe ni yaleyale: yuniti 140 za icodec ni mililita 0.2, sawasawa na yuniti 20 za Lantus. Tumbo halipokei maji mengi zaidi, ni kwamba dawa imekolea mara saba.

Mimi natumia Mixtard asubuhi na jioni. Nazidisha kwa saba?

Hapana. Mixtard 30 ni mchanganyiko: sehemu ni insulini ya haraka kwa ajili ya chakula, sehemu ni ya muda mrefu. Ukizidisha yote kwa saba, utakuwa umegeuza insulini ya chakula kuwa insulini ya usiku, na sukari itakushukia wakati umelala. Kutoka Mixtard kwenda icodec kunahitaji mpango mpya kabisa wa dokta, na pengine utabaki unahitaji sindano wakati wa chakula. Kwa watu wengi wa Mixtard waliotulia, sioni haja ya kuhama.

Inashusha sukari kuliko ya kila siku?

Kwa aina ya pili, inakwenda sambamba nayo au inaizidi kidogo. Katika jaribio la ONWARDS 1, lililotangazwa 2023, watu 984 ambao hawakuwa wametumia insulini kabla waligawanywa, nusu wakapewa icodec na nusu glargine ya kila siku. Baada ya mwaka, HbA1c ya wastani, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilishuka kutoka karibu 8.5 hadi 6.93 kwa icodec, na hadi 7.12 kwa glargine. Tofauti ipo, lakini ni ndogo.

Upande wa pili ni kushuka kwa sukari kupita kiasi. Ukichukua watu 100 kwa mwaka mmoja, kulikuwa na matukio makubwa karibu 30 kwa waliotumia icodec na 16 kwa waliotumia glargine. Bado ni machache kwa kila mtu, lakini watu hao walikuwa na bandeleti za kupimia sukari za kutosha na dokta wa kumpigia simu. Mtu asiye na vitu hivyo asijihesabu kuwa sawa nao.

Faida iliyo wazi ni idadi ya sindano: 52 kwa mwaka badala ya 365. Kwa mzee asiyeona vizuri anayemtegemea mjukuu amchome, au kwa mtu aliyekataa insulini miaka mingi kwa kuogopa sindano, hiyo ni faida ya kweli.

Ninapaswa kupima sukari mara ngapi?

Angalau asubuhi tatu kabla hujala: siku ya sindano na siku mbili zilizoitangulia. Dokta anachukua wastani wa namba hizo tatu. Kwenye majaribio, wastani ukizidi 130 mg/dl waliongeza yuniti 20, ukiwa kati ya 80 na 130 waliiacha dozi ilivyo, na hata namba moja ikiwa chini ya 80 walipunguza 20. Majuma ya mwanzo pima zaidi ya hapo, na pima kila unapojisikia vibaya, hasa kati ya siku ya pili na ya nne baada ya sindano, maana hapo nguvu ya dawa inaweza kuwa juu kidogo.

Najua bei ya bandeleti na najua zinavyokosekana. Hata hivyo, sitamshauri mtu yeyote aanze insulini ya juma bila mashine nyumbani. Kama fedha zinatosha kimoja tu, nunua bandeleti na ubaki na insulini uliyonayo.

Nichague siku gani, na nikisahau?

Chagua siku ambayo nyumba yenu haiwezi kuisahau. Wengi huona Jumapili ni nyepesi, kabla au baada ya misa. Wengine huchagua Jumamosi ya salongo. Saa yoyote inafaa. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya parokia, mara tu unapomaliza kuchoma, na mtu mmoja ndani ya nyumba awe na jukumu hilo. Ninachokiogopa zaidi ni binti kumchoma mama asubuhi kisha kwenda sokoni, halafu kaka kurudi jioni na kumchoma tena kwa nia njema.

Ukisahau, choma mara unapokumbuka, lakini angalia siku. Tuseme siku yako ni Jumapili. Ukikumbuka kabla ya siku tatu kupita, yaani hadi Jumatano, choma siku hiyo, kisha Jumapili inayokuja endelea kama kawaida. Ukikumbuka Alhamisi au baadaye, choma, na siku hiyo ndiyo inakuwa siku yako mpya kila juma. Kati ya sindano na sindano zisipungue siku nne. Usichome mara mbili kufidia.

Kama umechomwa mara mbili kwa makosa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajisikia mzima. Hatari haitakuwa imeonekana bado.

Sukari ikishuka nifanye nini?

Utaijua kwa kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, maneno kuchanganyika. Kwa wazee mara nyingi huja usiku: shuka limelowa, ndoto mbaya, asubuhi kichwa kinauma na mtu ana hasira bila sababu. Ukiweza, pima. Chini ya 70 mg/dl ni kushuka. Usipokuwa na mashine karibu, tibu kwanza.

Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye kikombe cha maji, unywe yote, au nywa nusu glasi ya Fanta, siyo ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado uko chini ya 70 rudia. Ukipanda, kula chakula cha kweli: bugali na maharagi, au ndizi, au uji wa masoso. Asali, pipi na sukari ya vipande zinafaa pia. Nyama na karanga hazipandishi sukari haraka, usizitegemee kwa dakika zile za kwanza.

Kwa insulini ya juma kuna jambo la kuongeza. Ile insulini bado iko kwenye damu, na itaendelea kuachiliwa kesho na keshokutwa. Kwa hiyo sukari iliyopanda saa nne usiku inaweza kushuka tena saa tisa. Mtu asiachwe alale peke yake, aamshwe apimwe, na siku zinazofuata apime mara nyingi na asiruke chakula. Kabla ya sindano inayofuata, dokta lazima ajue, kwa sababu huenda dozi inapaswa kupunguzwa.

Mtu akipoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali awekewe glukosi kwenye mshipa. Na mkifika, semeni kwa sauti, kwa kila muganga atakayemgusa: "Anatumia insulini ya juma zima, alichomwa siku fulani." Asipojua hivyo, atamwekea chupa moja, atamwona ameamka anazungumza, atamrudisha nyumbani, na usiku sukari itashuka tena. Andika maneno hayo kwenye karatasi, uyaweke pamoja na kadi yako ya kura au kitambulisho chochote unachotembea nacho.

Nina vidonge pia. Naendelea navyo?

Metformin mara nyingi inaendelea. Glibenclamide, ile wengi wanaiita Daonil, na gliclazide zinasukuma kongosho, na zikikutana na insulini sukari hushuka kwa urahisi zaidi. Dokta atazipunguza au kuziondoa. Mwambie pia ukipewa kinini kwa malaria, kwa sababu kinini yenyewe inaweza kushusha sukari sana.

Nikiugua, nikitapika au nikiharisha?

Insulini ya kila siku dokta angeweza kuipunguza siku hiyohiyo. Ya juma imekwisha ingia. Pima kila saa chache, kunywa kidogo kidogo kitu chenye sukari ikiwa namba iko chini au inashuka, na usingoje kesho kama huwezi kushikilia chochote tumboni. Kwenye mji unaojua kipindupindu kama wetu, hili si jambo la mbali.

Kanisani tumetangaziwa mfungo kavu wa siku tatu. Nifunge?

Ukiwa na insulini ya juma mwilini, mfungo kavu wa siku tatu ni hatari ya moja kwa moja. Dawa itaendelea kushusha sukari usiku na mchana na hakuna chakula cha kukutana nayo. Siwezi kukwambia vinginevyo. Mwendee mchungaji au padri wako, mweleze ugonjwa wako, na umwombe namna nyingine ya kushiriki. Wachungaji wengi wakielezwa hivi wanaelewa.

Ndugu zetu Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani waonane na dokta mapema, majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kubadilisha dozi ya icodec siku ya kuanza mfungo ni kuchelewa, kwa sababu ile ya juma lililopita bado inafanya kazi.

Na yule anayeambiwa kwamba ameshaombewa, aache sindano: omba, endelea kuombewa, na uchome. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini hafiki mbali. Tumewazika vijana kwa sababu hiyo, na inauma kwa sababu dawa ilikuwa mezani.

Majani machungu ya mubirizi je?

Usiyatumie kuchukua nafasi ya insulini. Hakuna anayeweza kukupimia kuna nguvu kiasi gani kwenye kikombe kimoja cha majani, na mkifika hospitali mtu amezimia hatutajua sukari imeshuka kwa nini. Kama unayanywa, tuambie bila aibu.

Na bia, na kasiksi?

Pombe inalizuia ini kutoa sukari yake ya akiba, na sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, ukiwa usingizini. Usinywe bila kula. Walio karibu nawe wajue kwamba mtu wa insulini anayeyumba na kuongea ovyo si lazima awe amelewa.

Ninaihifadhi wapi? Frigo yangu umeme wake haueleweki.

Kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa frigoni, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Ukishaanza kuitumia, inaweza kukaa nje ya frigo hadi majuma 12, mradi joto lisizidi nyuzi 30, ikiwa imefunikwa kifuniko chake isipate mwanga.

Hapa Bukavu imetusaidia. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ndani ya nyumba mara nyingi hakufiki 30. Tafuta pembe yenye kivuli, mbali na mbabula na mbali na mabati ya juu yanayopigwa na jua la mchana. Nyumba ya mabati matupu saa nane mchana ni jambo jingine. Jamaa wa Lubumbashi wawe waangalifu zaidi, maana Septemba na Oktoba joto la kule linapita 30. Chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, na chungu kidogo ndani yake, hupoza bila umeme. Nguo mbichi tu juu ya kalamu haitoshi.

Kabla ya kuchoma, itazame kwenye mwanga. Icodec ni angavu kama maji. Insulatard na Mixtard zina weupe na lazima uzizungushe taratibu mkononi, lakini icodec yenye ukungu au vipande ni ya kutupa.

Kuchoma kwenyewe kunakuwaje?

Paja, tumbo au sehemu ya juu ya mkono, na ubadilishe mahali kila juma ili ngozi isifanye uvimbe. Weka sindano mpya, jaribu kwanza uone tone linatoka, kisha zungusha hadi dozi yako. Kila mlio mmoja ni yuniti 10, siyo moja kama kwenye kalamu nyingine. Bonyeza mpaka namba irudi kwenye 0, kisha hesabu polepole hadi sita kabla ya kutoa. Watu wa haraka hutoa mapema na tone linabaki kwenye ngozi. Kwenye dawa iliyokolea hivi, tone hilo ni dozi.

Mwanangu ana miaka 11, ni wa aina ya kwanza. Itamfaa?

Hapana. Imeruhusiwa kwa watu wazima tu. Hata kwa watu wazima wa aina ya kwanza, Ulaya inasema itumike tu pale faida inapokuwa wazi, kwa sababu kwenye jaribio la ONWARDS 6 matukio ya sukari kushuka sana yalikuwa karibu 20 kwa mtu kwa mwaka, dhidi ya 10 kwa insulini ya kila siku. Mama, najua unavyochoka kumchoma mtoto kila siku. Kwa sasa sindano zake za kila siku ndizo salama kwake.

Nina mimba, au natafuta mtoto.

Usianze icodec. Haijajaribiwa vya kutosha kwa wajawazito, na mahitaji ya insulini hubadilika haraka mimba inapokua, wakati dawa hii haibadiliki haraka. Kama tayari unaitumia, mwambie dokta kabla ya kushika mimba, siyo baada, kwa sababu inachukua majuma kutoka mwilini.

Tukilazimika kukimbia?

Hili tunaulizwa sana tangu Februari 2025, vita ilipofika mjini na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Ni kweli kwamba mtu aliyechoma jana insulini ya juma ana siku kadhaa mbele yake bila kutafuta frigo wala sindano, na kwa mtu aliye barabarani hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu huyohuyo anaweza kukaa siku mbili bila kula, na insulini haitamngoja apate chakula. Ukikimbia nayo, kilo ya sukari iwe kwenye begi kabla ya nguo.

Kwa aina yoyote ya insulini, weka mfuko mmoja tayari: dawa ya mwezi mmoja kama unaweza, sindano, mashine na bandeleti, sukari, na karatasi yenye jina la insulini, dozi na siku uliyochoma mara ya mwisho. Mfuko wa insulini ukae na mtu, usipakiwe juu ya gari wala kwenye stoo ya boti ya kwenda Goma.

Kuna nyingine inayokuja?

Ipo efsitora alfa ya kampuni ya Marekani Eli Lilly, nayo ya mara moja kwa juma. Matokeo ya majaribio yake yametolewa 2024 na 2025. Jaribio moja lilitumia dozi nne tu zilizopangwa, 100, 150, 250 na 400, mtu akipanda ngazi pale inapohitajika, bila hesabu nyingi. Kwa vituo vyetu vya afya vyenye foleni ndefu na muganga mmoja, mpango mwepesi kama huo ndio unaonipa matumaini zaidi.

Sindano zilizotumika nizitupe wapi?

Ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, andika juu yake, na ikijaa ipeleke kituo cha afya. Zisiende kwenye takataka za avenyu ambako watoto wanaokota chupa. Na kalamu ni ya mtu mmoja tu, hata kama mnabadilisha sindano, hata kama ni mume na mke: damu kidogo hurudi ndani ya kalamu, na virusi vya ukimwi na vya homa ya ini vinaweza kupita hapo.